Pimbi Aomba Kikapu Kimoja

Paukwa.

Pakawa.

Kikapu kipo?

Kipo.

Kimejaa?

Hakijajaa.

Basi sogeeni karibu, na nyinyi wa nyuma acheni kunong'ona, tukijaze pamoja.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na akili na Kiboko alipokuwa na ghala, palikuwa na nchi iliyopenda mchezo mmoja kuliko chakula. Mchezo wenyewe ni huu. Mnachukua mpira uliofinyangwa kwa utomvu wa mbungo. Mnaudunda, du, du, du. Mnapasiana, mnaruka, mnautumbukiza ndani ya kikapu kilichofungwa juu ya nguzo. Watano huku, watano kule, na wanaotumbukiza mara nyingi ndio washindi.

Mwenye mchezo alikuwa Kiboko. Msiniulize aliupataje. Alikuwa mkubwa, alikuwa na sauti, akasema ni wake, ukawa wake. Kila mtazamaji aliingia na kibaba cha mtama, na kila kibaba kilikwenda kwenye ghala la Kiboko kando ya mto.

Wachezaji walikuwa madume kumi na majike kumi.

Madume walicheza alasiri, jua likiwa limepoa, kwenye kiwanja cha nyasi penye kivuli. Majike walicheza saa sita mchana, jua la utosi, kwenye kiwanja cha changarawe kule majabalini. Madume wakienda kucheza nchi jirani, Kiboko aliwavusha mto mgongoni. Majike waliambiwa wapite kivuko cha mawe, ni mwendo wa nusu siku tu. Madume walilipwa pishi nzima ya mtama kwa kila mchezo, kila mmoja yake. Majike walilipwa kibaba cha pumba. Pumba, jamani, ile inayobaki wenzako wakishatwanga na kula.

Na mwisho wa msimu majike walipewa maua. Kila mmoja ua moja. Ngedere, mtumishi wa Kiboko, alipita akiwachomeka masikioni, na Kiboko akawaimbia wimbo kutoka majini. Mwaka mmoja Twiga alilitafuna ua lake pale pale kwa njaa, akaambiwa hana shukrani.

Sasa katika majike hao kumi mdogo kuliko wote alikuwa Pimbi. Kimo chake hakikuzidi chungu cha kupikia. Lakini mpira ukiwa kwake, wenzake walikuwa na amani. Alipita chini ya matumbo ya wakubwa, du, du, du, akatokea upande wa pili, akampa Twiga, Twiga akatumbukiza.

Zamani vikapu vyote vilikuwa na kitako. Mpira ukiingia unakaa humo humo, mpaka mtu apande nguzo kuutoa. Kwa madume kazi hiyo alipewa Ngedere. Mpira ukiingia, mchezo unasimama. Ngedere anajikuna, anapanda, anautoa, anashuka, na watazamaji wanapiga miayo. Kwa majike Kiboko hakutoa mpandaji. Alisema gharama. Kwa hiyo Pimbi alicheza na Pimbi akapanda, mpira mmoja baada ya mwingine, nguzo ikimchoma nyayo kwa jua.

Siku moja alichoka. Alipanda, akautoa mpira, na badala ya kushuka akaanza kukitafuna kitako cha kikapu. Kwaru, kwaru, kwaru. Kitako kikaanguka chini. Akaenda nguzo ya pili, kwaru, kwaru, kwaru, na cha pili kikaanguka. Tangu siku hiyo, kwa majike, mpira ukiingia juu unatokea chini. Chwa, du! Unadakwa, unakimbizwa, mchezo hausimami hata punje.

Basi habari zikaenea. Wakaja swala, wakaja nyani, wakaja kobe walioanza safari wiki mbili kabla. Majabali yakajaa, mpaka wengine wakatazama wakiwa juu ya migongo ya tembo. Madume waliambiwa nao wakate vikapu vyao, wakasema hayo ni mambo ya kike. Ikapita miaka mitatu, na nchi nzima ilijua kwamba utamu uko saa sita mchana.

Ambaye hakujua ni mmoja, mwenye mchezo. Ngozi ya Kiboko haistahimili jua, na saa sita mchana hulala majini. Mwaka wa kwanza hakuja kutazama. Mwaka wa pili hakuja. Mwaka wa tatu hakuja, wala hakuuliza. Lakini huyo huyo ndiye aliyesema kila siku, kwa sauti ya kuvuka mto, "Mchezo wa majike hauna watazamaji." Ngano hii nimeisimulia mara nyingi, na kila nikifika hapa damu hunichemka. Vibaba vya watazamaji hao vimejaa ghalani kwake, na bado anasema hawapo.

Pumba ilikuwa haimfikishi mtu popote. Msimu ukiisha na kiangazi kikiingia, ilidumu nusu mwezi. Kwa hiyo majike walivuka mto kwenda ng'ambo kwa nyumbu, wakacheza huko kiangazi chote kwenye uwanja wa mawe ili watoto wao wale. Msimu wa nyumbani, kiangazi cha ugenini, miguu haipumziki. Huko ndiko Mbuni, mmoja wa wale majike kumi, alikovunjika mguu. Alirudi akichechemea, na Kiboko alipoambiwa akauliza swali moja tu.

"Alivunjikia uwanjani kwangu?"

"Hapana, Bwana."

"Basi si mchezaji wangu tena." Nafasi yake akapewa jike mwingine.

Pimbi naye alikwenda ng'ambo mwaka huo. Alikaa miezi mitatu, na watoto wake akamwachia Twiga, aliyebaki nyumbani mwaka huo. Aliporudi na kifurushi chake cha mtama, kitoto chake cha mwisho kilimtazama, kikakimbia, kikajificha nyuma ya mguu wa Twiga. Pimbi alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Siku ya kwanza kitoto hakikumkaribia. Siku ya pili hakikumkaribia. Siku ya nne ndipo kikaja chenyewe kumnusa. Hakulia mbele za watu, ila alijiapia moyoni kwamba mto ule hatauvuka tena.

Mwaka uliofuata, msimu ulipokaribia kwisha, majike walianza kwenda kwa Kiboko.

Wa kwanza alikwenda Twiga. Alisimama ukingoni akainamisha shingo.

"Bwana Kiboko, tunaomba pishi moja kila mmoja, kama wanavyopewa madume."

Kiboko akatoa pua majini. Pwaa. "Pishi? Nyinyi mnanitia hasara. Ni kwa huruma tu ninawabeba."

"Hujawahi kutubeba. Sisi tunapita kwenye mawe."

"Mnaona? Mdomo mrefu kama shingo." Akazama. Bubububu.

Wa pili alikwenda Mbuni, na mguu wake mbovu.

"Bwana Kiboko, kama pishi haiwezekani, tunaomba nusu ya vibaba vinavyoingia kwenye michezo yetu wenyewe. Vikiingia vichache, na sisi tupate vichache. Vikiingia vingi, tugawane."

Pwaa. "Vinavyoingia ni siri ya ghala."

"Tufungulie tuone."

"Ghala langu si la kuchunguliwa. Na wewe kilema unasema kama nani? Halafu nikwambie neno moja. Mngekuwa mnacheza kwa mapenzi, msingekuwa mnataja mtama." Akazama. Bubububu.

Mbuni akarudi majabalini analia, na ilikuwa hasira, si huzuni. Mapenzi. Madume wanakula pishi nzima, na hakuna aliyewahi kuwauliza habari za mapenzi.

"Tusicheze," Twiga akasema. "Tukae tu hapa. Atazame mwenyewe majabali matupu."

"Atatazamaje na hajawahi kuyaona yakiwa yamejaa?" Pimbi akajibu. "Tukigoma leo, atasema msimu haukuisha, na hata pumba atatunyima. Niacheni mimi niende."

"Uende ukaombe nini, mdogo wangu, ambacho hatujakiomba?"

"Nitaomba kikapu chetu kijazwe."

Twiga alitazama juu ya nguzo, akamtazama Pimbi, akatazama tena juu ya nguzo. 

Wa tatu basi alikwenda Pimbi. Alisimama ukingoni, akapiga magoti.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

Pwaa. "Marahaba. Wamekwisha wakubwa, wametuma pimbi. Na wewe unataka pishi?"

"Hapana, Bwana. Pishi ni nyingi."

"Unataka nusu?"

"Nusu ni nyingi zaidi. Sisi tunaomba kikapu kimoja tu. Kimoja cha vile vya mchezo wetu, vilivyofungwa juu ya nguzo. Mwisho wa msimu utujazie mtama, kijae mara moja, tugawane wote kumi. Kijazwe pale pale kilipo, mbele ya watu, asije mtu kusema hukutulipa."

Kiboko akapiga hesabu. Kikapu cha madume anakijua, kila alasiri anakiona. Kinaingia pishi mbili. Pishi mbili kwa majike kumi kwa msimu mzima. Ni nafuu kuliko hata pumba. Kicheko kilimpanda, akakimeza, akajifanya anakohoa.

"Sikiliza," akasema. "Kwa kuwa umeomba kwa adabu, nitafikiria."

"Asante, Bwana. Lakini njoo kwanza ukione kikapu chenyewe."

"Cha nini?"

"Ukione tu, usije ukajuta."

"Kikapu cha majike nikakitazame cha nini? Kikapu ni kikapu."

"Njoo ukione, Bwana. Ni mwendo mfupi."

"Juani? Unanitania."

"Basi mtume mtu akuonee."

Ngedere alikuwa ameketi juu ya paa la ghala. Ngedere mchezo wa majike alikuwa hakosi hata siku moja, na kikapu kile alikijua kuliko mkia wake. Akafungua mdomo. "Bwana, kile kikapu chao kina..."

"Wewe funga mdomo, wakubwa wanazungumza," Kiboko akasema. Ngedere akafunga mdomo.

Kiboko akaapa. Aliapa kile kiapo ambacho viboko hawakivunji, maana kiboko akikivunja hata mama yake hamtambui. "Kwa maji nilimozaliwa, nitawajazia kikapu kimoja cha mchezo wao pale kilipo. Siku ya malipo kisipojaa, nisiingie mtoni."

"Asante, Bwana," Pimbi akasema. "Sisi tumeridhika."

Siku ya mwisho ya msimu ikafika. Mchezo ukachezwa, ukaisha, na watazamaji hawakuondoka. Majabali yalikuwa yamejaa pomoni. Akaja Ngedere na pishi mbili za mtama ndani ya mfuko. Akapanda nguzo, akamimina. Chwaaa. Mtama ukaingia juu, ukatokea chini, ukatawanyika kwenye changarawe.

"Kimejaa?" watazamaji wakauliza.

"Hakijajaa," majike wakajibu.

Ngedere akarudi mtoni.

"Umewalipa?" Kiboko akauliza akiwa amefumba macho.

"Nimemimina, Bwana. Hakijajaa."

"Umekula njiani wewe. Chukua gunia."

Ngedere akaenda na gunia. Chwaaa.

"Kimejaa?"

"Hakijajaa."

Akarudi. "Bwana, hakijajaa."

"Chukua magunia kumi, na madume wakusaidie kubeba."

Wakaja madume wamejitwisha magunia, mbele yao Nyati, nahodha wao. Hao ndio walioambiwa kila mwaka kwamba pishi yao haiwezi kuongezeka kwa sababu majike wanakausha ghala. Wakamimina. Chwaaa, chwaaa, chwaaa. Pale chini palianza kuonekana kichuguu.

"Kimejaa?"

"Hakijajaa."

Kiboko aliposikia hivyo akafumbua macho yote mawili. Akatoka majini kwa mara ya kwanza saa sita mchana, pwata, pwata, pwata, akipanda majabalini huku jua linamkaanga mgongo. Watazamaji wakampisha. Akatazama kulia, akaona watu. Akatazama kushoto, akaona watu. Akafika chini ya nguzo, akainua macho, na kupitia kikapu cha majike akaona mbingu.

"Nani amekata kikapu hiki?"

"Mimi," Pimbi akasema. "Mwaka wa nne huu sasa."

"Mwizi wewe. Umekikata jana, ili unile."

"Uliza watu, Bwana."

Kiboko akawageukia watazamaji. "Nyinyi mlijua kikapu hiki hakina kitako?"

"Tulijua," ikajibu nchi nzima.

"Ngedere, ulijua?"

"Nilijua, Bwana. Uliniambia nifunge mdomo."

Hapo ngozi ya Kiboko ilikuwa imeanza kupasuka kwa jua. Akajaribu mlango mwingine. "Basi kikapu kisicho na kitako si kikapu. Mimi niliapa kujaza kikapu. Hapa hakuna kikapu, kwa hiyo sidaiwi."

Twiga akashusha shingo mpaka macho yake yakawa mbele ya macho ya Kiboko. "Sawa, Bwana. Kama hiki si kikapu, miaka yote hii umepokea vibaba vya watu kwa mchezo gani?"

Watazamaji wakageuza shingo wote kumtazama Kiboko. Mtu wa kwanza kunyanyuka alikuwa kobe mmoja. Akasema, "Na mimi kibaba changu nirudishiwe." Tembo akasema, "Na mimi." Majabali mazima yakaanza kuguna.

"Kikapu," Kiboko akasema haraka. "Ni kikapu. Nimesema si kikapu? Ni kikapu kizuri."

Akageuka kurudi mtoni. Pimbi alikuwa ameshatangulia, na udogo wake wote, amesimama katikati ya njia.

"Kiapo, Bwana. Kikapu hakijajaa."

Kiboko akasimama. Mbele maji anayaona, nyuma mtama haujafika. Mgongoni yalimtoka majasho mekundu ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, na hadi leo viboko wakikaa juani hutoka majasho hayo. Mimi nilipokuwa mdogo nilimhurumia hapa. Nilipokua nikaacha. Majike walicheza kwenye jua lile lile miaka yote na hakuna aliyeuliza ngozi zao zikoje.

"Leteni mtama," Kiboko akasema, na sauti yake haikuvuka hata kiwanja. "Leteni mpaka kijae."

Wakaleta. Chwaaa. Kichuguu kikawa kilima. Kimejaa? Hakijajaa. Chwaaa. Kilima kikamfika Twiga magotini. Kimejaa? Hakijajaa. Chwaaa. Kikamfika kifuani, kikamfika shingoni, nguzo ikamezwa, mtama ukaziba tundu la kikapu kwa chini, na kwa mara ya kwanza mtama uliomiminwa juu haukutokea popote. Pimbi akapanda kilima kile kwa miguu yake minne, taratibu, akachungulia ndani ya kikapu.

"Kimejaa," akasema.

Kiboko hakusubiri kuaga. Alikwenda mbio mpaka mtoni, tumbwi, akazama. Nyuma yake Ngedere alikuwa anarudi kutoka ghalani na gunia mkononi, hajui kama kazi imeisha.

"Hili nilipeleke wapi?" akauliza. "Kule ghalani bado nusu haijaguswa."

Majabali mazima yakageuka kutazama kule ghalani.

Bado nusu. Mmesikia? Majike walilipwa kilima, na nusu ya ghala haijaguswa. Miaka yote ile ya hasara, miaka ya subirini kidogo, miaka ya maua masikioni, mtama ulikuwepo. Mbuni alipovunjika mguu ulikuwepo. Kitoto cha Pimbi kilipomkimbia mama yake, mtama ulikuwepo, umelala gizani unaliwa na fukusi. Nyati, nahodha wa madume, alikuwa amelishika gunia tupu. Akalitazama, akalitazama ghala kule mbali, akalitupa chini.

Majike waligawana kilima kile mafungu kumi na moja. La kumi na moja lilikuwa la Mbuni, na hakuna aliyeuliza alivunjikia uwanja wa nani. Kiangazi kikaingia, kikakaa, kikatoka. Kwenye kivuko cha mawe haukupita unyayo wa jike hata mmoja. Na kitoto cha mwisho cha Pimbi kilishinda kikiteleza kwenye mtama wa mama yake, na jioni kilimfuata nyuma kila alikokwenda mpaka akachoka nacho.

Ama madume, kesho yake alfajiri walionekana kiwanjani kwao wamekizunguka kikapu chao. Nyati akainua kichwa akauliza, "Huyu Pimbi anatoza kiasi gani kutafuna kitako?"

Pimbi akatuma jibu. Pishi moja.

Basi watoto, kila ngano ina funzo, na funzo la hii ni kwamba majike wasiwe na tamaa. Wakiomba pishi, wanakosea. Wakiomba nusu, wanakosea zaidi. Waombe kikapu kimoja tu, waseme asante, waridhike. Na wewe mwenye ghala usihangaike kwenda juani kuutazama mchezo wa majike. Umesema mwenyewe hauna watazamaji.

Kikapu kipo?

Kipo.

Kimejaa?

Kimejaa.

Basi utamu wa ngano gawaneni mafungu sawa, na pumba zake mpelekeeni Kiboko.